Ndoto haihitaji moshi

SWALI: Natengeneza filamu fupi hapa Nairobi. Dada mmoja anaota marehemu baba yake akimsubiri kwenye steji ya matatu. Nilikodi mashine ya moshi, nikapunguza kasi, nikafifisha kingo za picha. Walioitazama wanasema ni kama video ya wimbo wa injili. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Umoja

JIBU: Pole kwa pesa za moshi, lakini watazamaji wako hawajakuonea. Ndotoni hatuoni ukungu. Tunaona vizuri, tena tunaamini. Kinachovurugika ni mahali na wakati. Hata mwongozaji Alfred Hitchcock alipomwita mchoraji Salvador Dalí abuni ndoto ya filamu yake Spellbound (1945), alikuwa akiukimbia ukungu huohuo: alitaka picha kali na vivuli virefu.

Wewe huna Dalí, ila una miguu ya mwigizaji wako. Tafuta filamu fupi Meshes of the Afternoon, ambayo Maya Deren na mumewe Alexander Hammid waliipiga nyumbani kwao Los Angeles mwaka 1943. Mwanamke anainuka na kisu mkononi. Hatua moja inakanyaga mchanga wa ufuoni, inayofuata nyasi, kisha saruji, kisha zulia la sebuleni. Kutoka baharini hadi ndani ya nyumba, sekunde chache tu! Jicho linaufuata mguu, na likija kushtuka, limeshafika.

Basi mpige picha dada akishuka kitandani, mguu ukatue kwenye lami ya steji. Lenzi ileile, kamera kimo kilekile, aelekee upande uleule wa fremu, nawe ukate picha mguu ukiwa bado hewani. Ukipiga fremu (picha moja moja za filamu) 25 kwa sekunde, mbili zikizidi tu utaona mguu unaruka. Punguza moja moja. Awe peku pande zote mbili. Niliwahi kukesha na mkato wa namna hii nikilaumu kompyuta, kumbe sehemu ya pili mwigizaji alikuwa na soksi.

Sauti nayo: nyamazisha steji yote, bakiza konda akigonga bati mara mbili, na matatu isionekane popote.

Baba mpige picha saa sita mchana, jua kali, bila madoido. Asimame tu. Koti lake liwe linachuruzika maji, na lami chini yake iwe kavu.