Kalsiamu imezidi kidogo tu: nini cha kufuatilia

Kalsiamu ya damu ya 2.70 mmol/L haimshtui mtu. Maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida karibu na 2.6, na mwenye 2.70 mara nyingi hajisikii mgonjwa. Akichoka husingizia umri. PTH, homoni inayopandisha kalsiamu ya damu, ikiwa juu pia, basi mojawapo ya tezi nne ndogo zinazoitoa, zilizo shingoni nyuma ya dundumio, huenda imepitiliza kazi. Hata PTH ya "kawaida" isikutulize: kalsiamu ikipanda, tezi zenye afya hunyamaza na PTH hushuka.

Kwanza hakikisha namba. Mpira wa kufungia mkono ukikazwa muda mrefu, kalsiamu inapanda kwa uongo. Albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) ikiwa chini ya 40 g/L, ongeza 0.02 kwa kila gramu iliyopungua: 2.55 yenye albumini 32 ni 2.71. Pima pia kalsiamu kwenye mkojo wa saa 24. Ikiwa ndogo mno, huenda ni hali ya kurithi ambayo upasuaji wa kuondoa tezi hausaidii.

Madhara ya miaka huanzia mifupani, kimyakimya. PTH hula zaidi ganda gumu la nje la mfupa, ndiyo maana sehemu inayoumbua tatizo ni mkono, theluthi ya chini ya mfupa wa upande wa kidole gumba. Hospitali nyingi hupima uimara wa mfupa wa kiuno na nyonga tu, kisha mgonjwa anaambiwa yuko salama. Omba na mkono upimwe, rudia kila mwaka mmoja au miwili. Piga na eksirei ya uti wa mgongo, kwani pingili huweza kubonyea bila maumivu. Figo nazo zipigwe ultrasaundi. Mawe mengine hayaumi.

Je, upasuaji? Utafiti wa Sweden, Norway na Denmark uliofuatilia wagonjwa 191 kwa miaka 10 haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopasuliwa na waliosubiri. Kusubiri kunaruhusiwa, ila kwa vipimo: kalsiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kila mwaka. Upasuaji hushauriwa kwa aliye chini ya miaka 50, mwenye mawe, mfupa uliodhoofika au kuvunjika, uchujaji wa figo (eGFR) chini ya 60, au kalsiamu iliyovuka mpaka kwa zaidi ya 0.25. Uchovu na usahaulifu peke yake ni sababu dhaifu; wengine hupasuliwa na uchovu ukabaki.

Usiache maziwa wala dagaa. Ukijinyima kalsiamu, tezi huzidi kuchochewa na mfupa ndio unaolipa. Vitamini D ikiwa chini, ipandishwe polepole kwa usimamizi wa daktari. Mwambie pia kama unatumia lithiamu au haidroklorothiazaidi ya presha, zote hupandisha kalsiamu.

Kunywa maji. Ukiharisha au kutapika, kalsiamu inaweza kuruka ghafla: kiu isiyokatika, mkojo mwingi na kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.