Usianze na kapu la kwanza: nilivyojifunza kuisoma Tipitaka

Nafanya kazi kwenye stoo ya vipuri hapa Muscat, na mwenzangu wa zamu ni mzee kutoka Sri Lanka. Kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango, husimama kando akisoma kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Siku moja nikamuuliza anasoma nini. Akasema ni suta, yaani mahubiri ya Budha, ameihifadhi tangu ana miaka saba, na imo katika maandiko ya dini yao ya Kibudha. Nikamwomba jina la kitabu ili nami nikitafute. Akacheka. "Si kitabu," akanijibu, "ni kabati."

Neno hilo lilinichukua miezi minane kulielewa. Naliandika hapa ili wewe likuchukue dakika kumi.

Maana najua maswali yatakuja, niseme mapema: mimi Muislamu, mtoto wa Unguja, na sijahama. Ni ugonjwa wa kusoma tu, ambao nimeurithi kwa baba.

Basi nikatafuta tafsiri za Kiingereza, nikazipata, nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Maandiko hayo huitwa Tipitaka, maana yake vikapu vitatu. Kapu la kwanza linaitwa Vinaya, la pili Sutta, la tatu Abhidhamma. Nami kama mtu mwenye akili zake nikaanza na la kwanza, ukurasa wa kwanza.

Vinaya ni sheria za watawa: 227 kwa wanaume, 311 kwa wanawake. Mwanzo wake ulinishika kweli. Kila sheria ina kisa chake, kwa sababu Budha hakukaa chini siku moja akatunga orodha; alingoja mtu akosee ndipo akaweka sheria. Kisa cha kwanza ni cha kijana Sudinna, aliyeacha utajiri wa wazazi akaingia utawani. Mama yake akamfuata akimlilia, angalau awaachie mrithi. Kijana akalegea, akalala na aliyekuwa mkewe. Hapo ndipo ikawekwa sheria ya kwanza katika zile nne nzito, ambazo mtawa akivunja mojawapo basi utawa wake umekwisha: kuzini, kuiba, kuua mtu, na kujidai umefika daraja za kiroho ambazo unajua hujazifika. Hiyo ya nne ilinifanya niiweke simu chini nifikiri. Wangapi wangebaki?

Lakini baada ya hapo nikaingia kwenye sheria za majoho. Joho la ziada unaruhusiwa kukaa nalo siku ngapi. Bakuli likipasuka ufanye nini. Sufu unaweza kuibeba mwendo wa umbali gani. Hizo za vyombo na mavazi ni 30, na zikiisha zinafuata nyingine 92. Nikachoka, nikaacha wiki tatu.

Niliporudi nikaruka hadi kapu la pili, la mahubiri, lenye mikusanyo mitano, nikaanza tena mwanzo. Suta ya kwanza ya mkusanyo wa kwanza inaorodhesha mitazamo 62 ya watu kuhusu nafsi na ulimwengu, mmoja baada ya mwingine, na yote inaikataa. Nilifika wa kumi na kitu. Nikamwambia mzee dini yao ngumu. Akaniuliza nimeanzia wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa kama fundi aliyeona mtu anafungua bolti kwa kisu.

Jibu lilinijia siku nyingine, tena si kwake. Mpwa wangu wa Unguja alinitumia sauti kwa simu, anajisomea Qul a'udhu birabbi n-naas, anataka mjomba amsikie. Nikakumbuka: chuoni hakuna mtoto aliyeanzishwa Al-Baqara. Tulianza na Juzuu Amma, juzuu ya 30, mwisho kabisa wa msahafu, kwa kuwa ndiko ziliko sura fupi. Na Iqra, ambayo tulifundishwa ndiyo iliyoshuka mwanzo, ni sura ya 96. Mpangilio wa msahafu si njia ya kuingilia kwa mwanafunzi, wala si kalenda. Msomaji Mkristo naye afungue nyaraka za Paulo: unaanza Warumi kwa sababu ni mrefu, unaishia Filemoni wenye ukurasa mmoja.

Tipitaka iko hivyohivyo, na zaidi. Mahubiri ya kwanza ya Budha, yale aliyowatolea wenzake watano kwenye bustani ya wanyama paa karibu na Varanasi, India, unayakuta katika mkusanyo wa tatu, fungu la 56 ambalo ndilo la mwisho, namba 11. Kifo chake kimo katika mkusanyo wa kwanza, suta ya 16. Ukisoma kwa kufuata kurasa, unamzika kwanza halafu ndiyo anaanza kuhubiri.

Sababu ni kwamba haya hayakuandikwa kwa msomaji. Yalipangwa kwa ajili ya vichwa vya watu. Mapokeo yanasema baada ya Budha kufariki watawa walikutana mji wa Rajagaha, mtawa Upali akaulizwa sheria, na Ananda, aliyekuwa msaidizi wa Budha, akaulizwa mahubiri aliyoyasikia; ndiyo maana suta nyingi huanza na "Nimesikia hivi". Kuanzia hapo yakabebwa kwa kuhifadhiwa kwa karne kadhaa, na palikuwa na mahafidhi wa kila mkusanyo, hawa wa mahubiri marefu, hawa wa yale ya kati. Kuandikwa kulikuja karne ya kwanza kabla ya Kristo, kisiwani Sri Lanka, Aluvihara karibu na Matale, enzi ya mfalme Vattagamani, kwenye majani ya mtende yaliyochorwa kwa kalamu ya chuma. Mzee anapajua, amekwenda mara mbili.

Sasa njoo stoo kwetu. Vipuri vinapangwa kwa njia tatu: kwa ukubwa, kwa mashine vinakoingia, au kwa namba. Kapu la pili limetumia zote tatu, na ukizijua hizi umeshapata ufunguo wa kabati.

Digha Nikaya (nikaya ni mkusanyo) ni rafu ya vitu virefu: suta 34. Majjhima Nikaya ni ya urefu wa kati: 152, zimegawanywa hamsini-hamsini, ya mwisho ikizidi mbili. Samyutta Nikaya imepangwa kwa mada, mafungu 56: moja la milango ya hisi, moja la hisia, jingine la mashetani, jingine la watawa wanawake. Anguttara Nikaya ndiyo ya namba: kitabu cha mambo mamojamoja, cha mawili, cha matatu, hadi kumi na moja. Ya tano, Khuddaka, ni ile droo ya mchanganyiko ambayo kila stoo inayo. Humo kuna vitabu 15, na Waburma wana 18, kwa kuwa wao wameongeza vitatu ambavyo wengine wanaviona ni vya ufafanuzi tu.

Nataka tukae kidogo kwenye Anguttara, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia mimi mlango na watu wengi hawaitaji. Namba ni kamba ya kumbukumbu, kila aliyewahi kuhifadhi anajua. Lakini namba hiyo inakuchezea pia. Suta aliyopewa Dighajanu, mtu wa kawaida mwenye mke na watoto, aliyemwendea Budha akasema sisi tunaojipaka marashi na kupenda fedha tufundishe kinachotufaa, imo katika kitabu cha mambo manane. Manane gani? Manne ya dunia hii: bidii ya kazi, kulinda ulichochuma, marafiki wema, na matumizi yasiyopita mapato. Na manne ya baadaye: imani, maadili, ukarimu, hekima. Nne kujumlisha nne. Kwa hiyo ukitafuta mafundisho ya fedha usitafute neno fedha, jiulize yalihesabiwaje. Nilipoisoma ile suta nilikuwa nadaiwa na watu watatu. Yale manne ya kwanza nikayanakili nyuma ya daftari la kupokelea mizigo na bado yapo.

Ushauri wangu basi uko hivi. Mwezi wa kwanza chukua Anguttara, vitabu vya tatu mpaka vya tano, soma chachechache. Wengi watakwambia uanze na Dhammapada, ambayo ni beti 423 katika sura 26, na sikatai utamu wake, lakini beti zile zimekatwa kutoka kwenye visa vyake. Unabaki na maneno mazuri ya kuweka kwenye status, humjui aliyeambiwa wala kwa nini. Ukishazoea sauti, ingia Majjhima. Hiyo ndiyo yenye watu: wafalme, mabishano, baba na mtoto wake. Digha iache hadi utakapotaka kusoma kwa kikao kirefu, na ukiifungua anza na ya 16. Samyutta itumie kama kamusi, pale unapotaka kujua jambo moja limesemwaje kila mahali. Abhidhamma, vitabu saba vya uchambuzi, mimi nimefungua nikafunga, sina cha kukwambia ila usione haya kufunga.

Na Vinaya? Rudi baadaye, kwa ajili ya visa.

Marudio yatakuudhi, hilo halina dawa ya haraka. Kitabu cha mambo mamojamoja kinaanza kwa kusema hakuna umbo linaloteka akili ya mwanamume kama la mwanamke. Kisha sauti. Kisha harufu, ladha, mguso. Kisha yote matano tena, safari hii mwanamume anavyoteka akili ya mwanamke. Suta kumi kwa sentensi moja! Nilikuwa naruka. Siku hizi nasoma kwa sauti, na nimegundua sikio huvumilia kile ambacho jicho linakikataa. Tena ukisoma kwa sauti unalinasa lile neno moja lililobadilika, na mara nyingi ujumbe umo humo. Wanakili wenyewe walichoka, wakaweka alama "pe", yaani endelea kama mwanzo. Ukiikuta, au ukikuta vidoti, jua umefupishiwa.

Tena usiruke vile vibeti vya ajabuajabu mwishoni mwa kila suta kumi, vinavyoonekana kama maneno yasiyo na maana. Ni orodha ya majina ya suta zilizopita, imetungwa kishairi ili hafidhi ajue hajaacha kitu. Yaani ni lebo ya rafu. Nilipolielewa hili nilimkimbilia mzee na simu mkononi kama mtoto, naye akaniambia ndiyo, sasa nihesabie maboksi ya brekipedi.

Jambo la mwisho la kiufundi, kwa kuwa lilinipotezea wikiendi nzima. Kuna namna mbili za kutaja mahali. Ya siku hizi hutaja namba ya suta: DN 16, MN 10, SN 56.11, yaani Digha, Majjhima na Samyutta Nikaya. Ya zamani, iliyotokana na matoleo ya jumuiya iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1881 kuchapisha maandiko ya Kipali, lugha ya Tipitaka, hutaja juzuu na ukurasa. Niliona mahali pameandikwa D ii 72, nikadhani ni suta ya pili, aya ya 72. Nikaisoma suta ya pili yote, neno kwa neno, sikuona kinachohusu. Kumbe ni juzuu ya pili, ukurasa wa 72, ambapo inaanza ile ya 16. Namba ya Kirumi katikati ni juzuu, ishike hiyo. Na usishangae ukikuta suta za Samyutta na Anguttara zina hesabu tofauti kwa kila toleo. Yale marudio mmoja anayahesabu ni suta kumi, mwingine moja. Anayetaka kuona yote kwa mpigo aende Mandalay, Burma, kwenye hekalu la Kuthodaw, ambako mfalme Mindon aliyachonga kwenye vibao 729 vya marumaru, pande zote mbili, kazi iliyomalizika mwaka 1868. Kila kibao kina kijumba chake cheupe.

Mimi nasoma suta moja ya Majjhima kila siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana. Wiki hii nipo ya 86, ya Angulimala, jambazi aliyeua watu akavaa vidole vyao shingoni kama shada. Nilishangaa kuikuta kwenye sura ya wafalme mpaka nikaona: mfalme Pasenadi anakuja na askari kumsaka, anamkuta amekaa kwa Budha kichwa kimenyolewa. Hamsini ya kati imepangwa kwa aina ya mtu anayezungumza naye: wenye nyumba, watawa, wazururaji, wafalme, na Mabrahmani, yaani tabaka la makuhani. Mbele kidogo, huyo muuaji wa jana anamwona mwanamke mwenye uchungu mgumu wa kuzaa, anaumia moyo, na Budha anamfundisha maneno ya kumwambia, akihesabu kuzaliwa kwake tangu alipoingia utawani: Tangu nilipozaliwa katika uzao huu wa wema, sikumbuki kumtoa kiumbe uhai kwa kukusudia. Kwa ukweli huu, upone wewe na kilichomo tumboni.

Nikamsomea mzee kwa Kiingereza changu. Kabla sijamaliza akaanza kuisema kwa Kipali, macho kafumba. Kwao husomewa wajawazito. Ilisomwa usiku mkewe alipokuwa akijifungua binti yao wa kwanza, akasema, na yeye alikuwa hapa Muscat, anaisikiliza kwa simu ya mtu mwingine.