Labrador wangu anakwaruza mlango nikitoka

Swali: Daktari, tangu nirudi kazini, mbwa wangu wa aina ya Labrador hubweka na kukwaruza mlango. Mume wangu anataka achapwe. — Msomaji, Nakuru

Jibu: Dada, mwambie shemeji aweke fimbo chini. Huo si ukaidi. Ukimchapa ukirudi, ataanza kuogopa hata kurudi kwako. Mbwa anayeshambulia mlango punde tu umeondoka kwa kawaida ana hofu ya kuachwa. Anayetafuna viatu baadaye huenda amechoshwa na kukaa bure, na Labrador alizalishwa kufanya kazi na watu. Mzoeshe kuachwa: chukua funguo kana kwamba unatoka, kisha keti tu. Kesho toka kidogo, urudi kabla hajalia. Ongeza muda polepole. Ukiwa kazini, jirani ashinde naye. Akigoma kula hata nyama ukiwa haupo, mlete kliniki, dawa zipo.