Mwaga hilo beseni! (kwa dada wa Wete mwenye bandia za bibi yake)

Wee dada wa Wete usitie maji, usitie maji, usitie maji. Wengine mniwie radhi sijasalimia, ntasalimia baadae. Huyu dada kaandika kakuta watoto wa bandia sita kwenye kasha la marehemu bibi yake, kuna mgeni anakusanya vitu vya kushonwa kwa mkono anakuja kuwatazama Ijumaa, anauliza awafue kwa sabuni gani, awapige picha vipi, ataje bei gani na awavushe vipi kuja Unguja, halafu mwisho kabisa anasema beseni lishajaa, anangoja tu atajiwe sabuni. Mie nlivyofika hapo kwenye beseni moyo ulinipasuka.

Nlikuwa nao saba. Bibi yangu wa Makunduchi kila akizaliwa mjukuu wa kike alikuwa akimshonea mmoja, kiwiliwili merikani, ndani sufi aloiokota mwenyewe chini ya mti, nguo ya kaniki, nywele nyuzi za makumbi yale yale wanayoyapiga kinamama pwani kusokotea kamba. Wa dada yangu mkubwa kasukwa twende kilioni, mistari minane, naijua kwa sababu nlikuwa naihesabu kila nlipougua nikalazwa kwa bibi. Macho vishono vitatu vitatu vya uzi mweusi, pua hana. Kisogoni ana mshono mmoja wa uzi mwekundu, bibi uzi mweusi ulimwishia usiku na alitaka amalize. Na wote midomoni wana doa la kahawia maana tumewalisha uji miaka na miaka.

Lile doa ndo lilonitia balaani. Niliwapeleka watatu kwa mwenye duka moja la vinyago Mji Mkongwe, simtaji na yeye asijitaje. Akawashika kwa ncha za vidole kama kashika panya aliyekufa, akanambia mgeni hanunui uchafu bi mkubwa, kawafue, tia na dawa ya madoa, waking'ara niletee ntakupa elfu kumi kumi. Elfu kumi! Na mie nikamsikiliza, mtu anauza bandia za vipande vya kanga zote zina macho yale yale kama ndugu wa mama mmoja, hajawahi kutunga uzi kwenye sindano yule, hajui sufi na pamba zina tofauti gani, lakini anaongea kwa uhakika utadhani kazaliwa ndani ya makumbusho. Nliporudi kumwonesha yalonifika akanikana mchana kweupe, ati yeye hakusema nitie dawa. Wallahi mpaka leo nikipita mtaa ule navuka upande wa pili.

Sasa sikiliza kilichotokea. Niliwatia watano beseni moja, maji vuguvugu, sabuni ya unga, kifuniko kimoja cha dawa ya madoa. Sufi kwa asili yake haishiki maji, ina nta yake, ndo maana zamani ikitiwa kwenye maboya ya kuvaa baharini, basi wale watoto wakawa wanaelea tu juu ya povu wananitazama, na mie nikawakandamiza chini kwa mikono miwili mpaka wakaacha kutoa mapovu. Haikupita robo saa maji yashakuwa rangi ya chai ya rangi. Makumbi yameachia rangi yake yote imeshuka usoni, kaniki nayo imeachia weusi umepanda shingoni, vimekutana. Dawa ya madoa imebabua uzi wa macho. Nikawaanika juani, siku ya pili nikawagusa nje wakavu, nikawarejesha kashani nikafunga.

Ilikuwa masika. Ndani sufi bado mbichi imeshikana madonge, na hizi nyumba zetu za mawe na chokaa mnazijua kuta zake zinavyovuta unyevu. Wiki tatu nafungua kasha, uvundo ukanipiga usoni. Nikamchukua mmoja nikampasua mgongoni kwa wembe, mkono unatetemeka, ndani kuvu jeusi kama masizi ya sufuria. Wale watoto walikuwa na harufu ya udi wa bibi, alikuwa akifukiza chumba kila Alkhamisi jioni na wao humo humo. Imekwenda ile harufu. Nimefukiza chetezo mara ngapi hairudi, sio ile.

Mkusanyaji akaja baada ya miezi miwili, mama wa makamo, kaletwa na ndugu yangu anayetembeza wageni. Nikampangia mezani wale watano nlowafua. Akawatazama kwa adabu dakika mbili akauliza kama kuna wengine. Nikatoa wawili nlowaacha kwa sababu tu beseni halikutosha, mmoja panya kamla mguu, wa pili yule wa dada na doa lake. Kakaa nao karibu saa nzima. Kamgeuza kisogo akaona uzi mwekundu, akauliza, nikamweleza. Kagusa doa la mdomoni, akauliza, nikamweleza, akacheka mpaka akafuta machozi. Kawanusa. Yule asiye mguu akamnunua laki nne, wa dada nikakataa kumtoa. Wale watano akanambia kwa upole hawachukui hata bure maana kuvu litaenea kwenye vitu vyake vyengine. Laki nne mara tano pigeni hesabu wenyewe, na mie pesa ndo inoniuma kidogo kuliko vyote.

Na asije mtu hapa akasema si vitambaa tu hivyo. Nguo yako ya harusi nayo kitambaa, nije nikurowekee? Huko Ujerumani mwaka 1905 Käthe Kruse alimfanyia mwanawe bandia kwa taulo lilotiwa mchanga, kichwa kiazi, akaendelea mpaka bandia zake za kitambaa zikajulikana dunia nzima, na leo zile za mwanzo watu wanazigombania mnadani, anayenunua anatafuta rangi ya usoni ile ile ya mwanzo, ikishasuguliwa bei inaporomoka. Mbali gani, hapo Bara tu, mwana hiti, yule mtoto wa mti wa Wazaramo anayekaa naye mwali, kigogo hakina mikono wala miguu, wakusanyaji wanautaka ule weusi wa kung'ara ulotokana na mafuta na mikono ya wari. Ukimsugua kwa sabuni umebaki na ukuni.

Basi dada fanya hivi. Tandika shuka jeupe, chukua brashi mpya ya rangi yenye manyoya laini, wapanguse vumbi polepole kutoka kichwani kwenda chini. Kama unayo mashine ya kuvuta vumbi, funga kipande cha chandarua kwenye mdomo wa mpira wake, weka nguvu ya chini kabisa, na usiuguse mwili wa bandia. Jua hapana, manukato hapana. Mkono ulong'oka usimshonee mwengine, uweke kando ndani ya karatasi. Ukiona vijitundu na unga unga ujue kuna wadudu, mtenge huyo na wenzake, mgeni akishaondoka mfunge shuka la pamba na juu yake nailoni, mtie kwenye friza iliyofika nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, na ukimtoa usimfungue siku nzima mpaka baridi imwishe, ukiharakisha atatoa jasho, na jasho ni maji yale yale tunayoyakimbia. Wazima wafunge kwenye kitambaa cha pamba, nailoni isiwaguse, hasa miezi hii ya mvua. Picha piga dirishani asubuhi, mbele, nyuma, na kisogo usikisahau. Na kila mmoja mwandikie kikaratasi kwa penseli, bibi alimshonea nani, kijiji gani.

Madoa yaache. Kama wana uji midomoni, mwoneshe mgeni, mwambie ni nani alowalisha.

Dada upo? Hilo beseni ushalimwaga? Nijibu hata saa sita ya usiku, mie silali.