Ilhan Omar hakuanzia Washington

Ndugu, umeuliza iwapo Ilhan Omar, mwanasiasa wa Marekani mwenye asili ya Somalia, aliingia Bunge la Marekani moja kwa moja. La, alianzia katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, ambalo ni sehemu ya bunge la jimbo hilo, si la nchi nzima (na "jimbo" hapa ni Minnesota nzima, si eneo la mbunge mmoja kama tulivyozoea Tanzania).

Uchaguzi uliokuwa mgumu kwake ulikuwa mchujo wa chama cha Democratic wa Agosti 2016, katika eneo la 60B la Minneapolis, lenye chuo kikuu na mtaa wa Cedar-Riverside wanakoishi Wasomali wengi. Hapo alimshinda Phyllis Kahn, aliyekuwa katika baraza hilo tangu 1973, pamoja na Mohamud Noor, Msomali mwenzake, jambo linaloonyesha kuwa kura za Wasomali peke yake zisingemtosha. Uchaguzi wa Novemba haukuwa na ushindani wa maana, kwa kuwa mgombea wa Republican alikuwa amesitisha kampeni yake.

Alihudumu muhula mmoja tu wa miaka 2. Mwaka 2018, mbunge Keith Ellison alipoacha kiti chake katika Bunge la Marekani huko Washington ili agombee uanasheria mkuu wa Minnesota, Omar alikiwania akakipata. Kiti cha 60B kilichobaki wazi kilichukuliwa na yuleyule Noor aliyeshindwa 2016.