Bakteria Anapoivuta Dawa Mwenyewe

SWALI: Mama yangu ana maambukizi ya njia ya mkojo, na majibu ya maabara yanaonyesha usugu kwa karibu dawa zote. Daktari ametaja dawa "inayobeba chuma". Ndiyo ipi? Na je, aache vidonge vya kuongeza damu?

JIBU: Pole sana, na mfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi maabara, najua majibu hayo yanavyovunja moyo. Unapanga vidoti vya karatasi vyenye dawa kwenye sahani, kesho yake unakuta bakteria wameota hadi ukingoni mwa kila kimoja.

Bila shaka ni sefiderokoli, ya kampuni ya Shionogi ya Japani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Bakteria wanahitaji chuma, na mwili wetu huwaficha chuma hicho. Basi wao hutoa molekuli ziitwazo siderofori, zinazonyakua chuma na kurudi nacho kupitia milango maalumu. Sefiderokoli ina kipande kinachofanana na siderofori: inashika chuma, bakteria anaivuta mwenyewe, na ikishaingia inamvurugia ujenzi wa ukuta wake. Vimeng'enya vingi anavyotumia kuharibu dawa za jamii hii (jamii ya penisilini) haviiwezi. Ufundi huu hunifurahisha kila ninapoueleza.

Hutolewa kwa dripu ya saa 3, kwa kawaida kila baada ya saa 8. Ombeni kwanza kipimo cha kuona kama dawa hii inawaua bakteria wa mama, kwa sababu bakteria wengine wameshaibadili milango hiyo. Vidonge vya kuongeza damu asiviache kwa uamuzi wake. Mwambieni daktari anavitumia, aamue yeye.