Je, miti ya bustani husafisha kweli hewa ya mjini?

Swali: Bustani ya mtaa wetu imepakana na barabara yenye magari mengi. Tunataka kupanda miti ili kupunguza moshi na vumbi. Majani hufanyaje kazi hiyo, na tupande miti gani?

Jibu: Gesi chafuzi kama nitrojeni dayoksaidi na ozoni huingia ndani ya jani kupitia stomata, yaani vitundu vidogo ambavyo mmea hupumulia. Vumbi na masizi, kwa sehemu kubwa, huishia kunata juu ya jani hadi mvua iyaoshe au upepo uyapeperushe tena. Ndiyo maana majani yenye vinyweleo au yanayokwaruza hunasa zaidi kuliko yaliyo laini, na mti usiopukutisha hufanya kazi mwaka mzima.

Hata hivyo, msitegemee kunasa peke yake. Nchini Marekani watafiti walikadiria kuwa miti iliondoa takriban tani milioni 17 za vichafuzi vya hewa mwaka 2010, lakini kwa wastani ubora wa hewa uliongezeka kwa chini ya asilimia 1. Magari yanatoa moshi mpya kila dakika.

Kwenu ninyi, kinachofaa zaidi ni kizuizi. Pandeni ua mnene kando ya barabara, uliofunga kuanzia ardhini. Moshi ukikutana nao hulazimika kupanda juu na kuchanganyika na hewa nyingine kabla ya kuwafikia watu. Miti mirefu yenye mashina matupu huupitisha chini, kwenye kimo kile kile cha pua ya mtoto! Mabembea nayo yawekeni upande wa mbali kabisa na barabara.

Mkija kupanda mitaani, angalieni barabara nyembamba zenye majengo marefu pande zote mbili. Matawi yakikutana juu yake, moshi hukwama chini.

Kuhusu aina, nisingeshauri safu nzima ya mikaratusi kando ya magari. Hutoa isoprini kwa wingi, na gesi hiyo ikikutana na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari chini ya jua kali huchangia kutengeneza ozoni. Changanyeni aina kadhaa zinazostahimili ukame, na mzimwagilie vizuri miaka ya mwanzo, kwa sababu mti wenye kiu hufunga stomata zake na kuacha kufyonza gesi.